Shela la Neti: Tuache Kucheka Vilivyoshonwa Nyumbani

Leo sina staa wa kumchamba wala ndoa ya mtu ya kuijadili. Leo najichamba mwenyewe, na nikimaliza nitawachamba na nyinyi kidogo, maana kosa lenyewe sikulifanya peke yangu.

Miaka miwili iliyopita nilialikwa kwenye harusi moja hapa Kasulu. Sitaji mtaa, sitaji kanisa, na majina yote ya leo yanabaki kwangu. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini. Basi bibi harusi akaingia, vigelegele, kamera juu. Mimi nilikuwa benchi la tatu, karibu kabisa na njia. Alipopita nikaliangalia shela lake vizuri, nikaona vile vitundu vidogo vidogo tunavyovijua wote. Neti! Chandarua cha mbu kabisa, cheupe, kimepambwa lesi pembeni.

Nikapiga picha. Sikungoja hata misa iishe, nikaposti na maneno haya: "Bibi harusi haogopi malaria." Jioni ile picha ikanirudia kutoka kwenye kundi la watu wa Kakonko ambao hata siwajui. Komenti kama mvua, kila mtu anacheka. Na mimi nikajiona mjanja kweli, eti leo nimevunja rekodi.

Kilichotokea baadaye sikukijua mpaka mwaka huu. Yule dada mtaani kwake akaanza kuitwa Mama Neti. Kwanza watoto bombani, halafu watu wazima. Alikuwa kwenye kikoba cha akina mama, akaacha kwenda. Alisema akiingia tu kuna mtu anapiga kofi hewani kama anaua mbu, na wengine wanaangua kicheko. Unaacha kikoba, maana yake unaacha na mkopo wa kuanzishia biashara. Hiyo ndiyo bei ya utani wangu, na aliyeilipa si mimi.

Nimejuaje? Nilipeleka suruali kukatwa kwa fundi mmoja wa barazani, mama mtu mzima, cherehani ya miguu, miwani puani. Nikasalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akaniangalia sana, halafu akaniuliza kwa upole, "Wewe si ndiye yule kijana wa neti?" Wadau, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe ndiye mama wa bibi harusi, na shela alilishona yeye!

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alivuta kistuli nikae, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu." Basi nikamuuliza, miaka miwili nikiwa nimechelewa.

Akaniambia shela la kukodi saluni lilikuwa na bei ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa ameshauzwa kununua mchele wa wageni. Ndani kulikuwa na neti kuukuu, imechanika kule chini inakochomekwa chini ya godoro, ila katikati ilikuwa nzima. Akaifua mara tatu na kuianika juani siku mbili. Akachemsha wanga wa muhogo akaitia, ili isimame isilegee kama kitambaa cha kuchujia. Shida ikaja kwenye kushona, maana neti ni laini na ina matundu, cherehani inaimeza. Unajua alifanyaje? Alichana karatasi za daftari la zamani la mtoto, akaziweka chini ya neti, akashona vyote kwa pamoja, halafu akazinyofoa karatasi kidogo kidogo. Mshono ukatoka umenyooka. Lesi aliitoa kwenye gauni la ndani la mtumba.

Usiku wa tatu shela likawa tayari. Bibi harusi alipolijaribu alilia kwa furaha. Mimi nilichoona pale ni matundu tu.

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha nimpe mwanawe, yeye fundi hana kesi. Ila kabla sijaondoka akanipeleka nyumbani kwake kunionyesha alichokiita "vitu vyangu vya kuchekwa". Aisee. Naomba niwaelezee, maana picha sikupiga hata moja.

Cha kwanza mlangoni, mabegi mawili ya shule ya salfeti, vile viroba vya unga na mbolea. Nje unaona bado maandishi ya kilo 50 yamekaa kichwa chini. Ndani ametia bitana ya suruali ya jinzi, mikanda ameikunja mara tatu ili isikate bega la mtoto, na chini ameshona mara mbili kwa sindano kubwa ya magunia. Akaniambia begi la dukani linaachia zipu kabla muhula haujaisha. La kwake halina zipu, lina kifungo cha koti.

Cha pili, ngata. Ndiyo, ile ya kubebea ndoo kichwani, ambayo wengi wetu tunaviringisha tu kanga. Yake imeshonwa mduara kamili, ndani imejazwa vipande vya vitenge anavyofagia chini ya cherehani. Anasema vipande vikiwa vya pamba haitelezi na haiumizi utosi.

Cha tatu, taulo za kike za kitambaa. Najua kuna wanaume hapa wataruka hii aya. Msiruke. Juu ni kanga ya pamba iliyolainika kwa kufuliwa, katikati tabaka za taulo kuukuu, chini kitambaa cha mwavuli kisichopitisha maji, na pembeni kifungo cha kubania isihame. Sharti lake ni moja tu: ifuliwe vizuri na ikaushwe juani kabisa, si kufichwa uvunguni ikiwa mbichi.

Hapa nilimkumbuka dada yangu. Tulipokuwa shule ya sekondari alikuwa na siku zake za "kuumwa tumbo" kila mwezi. Nyumbani hatukuwa na cherehani, na hakuna aliyeniambia tumbo lile lina maana gani. Kwenye bajeti ya 2018 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei kwa mtumiaji hazikushuka kama ilivyotarajiwa. Wakubwa walibishana bungeni, mitandaoni ikawa vita. Wakati huo huo mama mmoja barazani Kasulu alikuwa na mkasi, mwavuli mbovu na kanga ya zamani, anawashonea watoto wa jirani bila kumwambia mtu.

Nikageuka kutoka, nikaliona. Shela. Lilelile! Limefunika tenga la vifaranga uani ili mwewe asiwachukue, na lesi bado ipo pembeni. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Limeshamaliza kazi ya harusi, sasa linafanya kazi ya kuku."

Kuna mtu atasema huyu ni mmoja tu. Hapana. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Kibondo, na kwa sababu macho yalikuwa yameshafunguka nikaanza kuona. Asubuhi za huku juu mnazijua, hasa Juni na Julai, baridi inaingia hadi kwenye kucha. Dereva bodaboda aliyenipakia alikuwa na mifuko miwili mikubwa kwenye usukani, anaingiza mikono humo. Ndani blanketi, nje turubai. Nikamuuliza kanunua wapi. Akacheka, "Hii hainunuliwi kaka, hii unashonewa." Akanipeleka kwa mzee mmoja fundi, ambaye pia anashona viti vya pikipiki, makoti ya mvua ya turubai, na vifuniko vya redio za zamani ili vumbi jekundu lisiingie.

Cherehani ya yule mzee ilinishangaza kuliko alivyoshona. Kichwa ni cha zamani sana, rangi nyeusi imebaki mabaka, ila meza na miguu ni vya kuchongwa hapahapa. Akaniambia kichwa kile kilivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, kichwani kwa baba yake, kimefungwa kwenye mkeka. Meza waliiacha. Watu walikuwa wanakimbia mauaji, wengine wamebeba watoto, wengine sufuria, na baba yake akabeba kichwa cha cherehani. Kuna waliomcheka njiani. Walipofika upande huu, kile kichwa ndicho kilichowalisha.

Sisi wa huku hadithi za mpaka tumekua nazo. Walikuja 1972, wakaja 1993, Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na 2015 Warundi wakaja tena hadi Nduta ikajaa. Kwa hiyo nikisoma habari ya mtu aliyekimbia kwao na mzigo wa ajabu, huwa naielewa haraka. Na kuna moja ya Ujerumani ambayo ni lazima niwape, maana ndiyo kiboko ya vitu vyote vilivyowahi kushonwa nyumbani.

Enzi hizo Ujerumani zilikuwa mbili, na wa Mashariki walizuiwa kuhamia Magharibi. Mpakani kulikuwa na waya, mabomu ya ardhini na askari wenye bunduki. Familia mbili, ya Strelzyk na ya Wetzel, kwenye mji mdogo wa Pößneck, wakaamua watapita juu. Wakaanza kushona puto kubwa la kurushwa kwa hewa ya moto. Nyumbani! Günter Wetzel ndiye aliyekaa kwenye cherehani, tena ya kukanyaga kwa miguu. Puto la kwanza walilishona mwaka 1978, na dukani walipoulizwa vitambaa vyote vile vya nini, wakasema ni vya mahema ya klabu yao. Walipolijaza hewa, kitambaa kikavujisha. Wakalikata vipande wakalichoma moto. La pili liliibeba familia ya Strelzyk peke yake Julai 1979, likanyeshewa kwenye mawingu, likashuka karibu na mpaka kabla ya kuuvuka. Wakarudi nyumbani kwa kunyata, huku polisi wameshaokota lile puto na wanamtafuta aliyelishona.

Sasa fikiria, wewe ungeendelea? Wao waliendelea. Wakazunguka miji tofauti wakinunua kitambaa kidogo kidogo ili wasishtukiwe: cha mashuka, cha miavuli, cha mahema, rangi yoyote waliyoipata. Zaidi ya mita za mraba 1,200 zikapita chini ya sindano moja. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Septemba 1979 watu wanane, wakubwa wanne na watoto wanne, wakapaa. Karibu nusu saa baadaye wakatua karibu na mji wa Naila, upande wa Magharibi, wote hai.

Puto lile lilikuwa la viraka. Rangi hazikufanana. Leo hii limetengenezewa filamu zaidi ya moja, na watu wanalipa kwenda kuzitazama. Ila nina swali: kama jirani angechungulia dirishani 1979 akamuona mwanaume mzima anashona mashuka ya rangi kumi usiku kucha, angesema nini? Angesema kachanganyikiwa. Kama angekuwa na simu kama ya kwangu, angeposti, na watu wanane wangeishia gerezani.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo wadau. Kitu cha ajabu kilichoshonwa nyumbani ni jibu. Ukikiona na kukicheka, ujue umeliona jibu kabla hujalisikia swali. Shela la neti, swali lilikuwa mbuzi ameshauzwa na binti anataka kuolewa kwa heshima. Begi la salfeti, swali ni zipu za dukani. Mifuko ya pikipiki, swali ni baridi ya Kibondo saa kumi na moja alfajiri.

Kinachoniudhi zaidi ni upendeleo wetu. Kuna staa mmoja wa Dar, hamhitaji jina, alitokea kwenye zulia jekundu na gauni la gunia, gunia kabisa la katani, limeachwa nyuzi zinaning'inia. Sisi hawahawa tukaandika "ubunifu", "malkia", "moto". Mtoto wa darasa la nne akipita na begi la salfeti lililoshonwa vizuri kuliko lile gauni, tunaandika "maisha magumu". Gunia ni gunia. Kilichobadilika ni mvaaji na taa za kamera.

Na si kwamba sisi ni wageni wa mambo haya. Wazee wa Buha walivaa magome ya miti na ngozi kabla pamba haijatufikia. Wenzetu wa Uganda ufundi wao wa nguo za magome hawakuuonea haya, na UNESCO ikautangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Bibi yangu husimulia miaka ile baada ya Vita vya Kagera, mwanzoni mwa 1980, nguo zilipoadimika madukani na watu wakapanga foleni kwa ajili ya kanga moja. Alijishonea sketi ya kiroba cha unga na maandishi yakabaki nyuma. Anasema hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu alikuwa na kiraka chake.

Na juzi tu hapa tumesahau? Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, barakoa za dukani zikapanda bei halafu zikakosekana. Nani alituokoa? Ni cherehani za barazani, kwa vitenge na lastiki. Na Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wiki ileile nikaona sokoni vikapu vya salfeti na vya vipande vya vitenge. Tukivihitaji tunaviita ubunifu wa Kitanzania. Haja ikiisha, tunarudi kucheka.

Sasa nisije nikaonekana natetea kila kitu. Vingine tuambiane ukweli. Ile barakoa ya tabaka moja la kitambaa chepesi, ukiangalia juani unamuona mtu wa ng'ambo, ilikuwa mapambo. Taulo ya kitambaa isiyokauka vizuri inaleta ugonjwa badala ya kuuzuia. Na neti ambayo bado nzima ni ya kulalia, mwisho. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo ukichukua neti mpya ya mtoto ukazungushia mchicha, hapo sitakupigia makofi. Mama wa Kasulu mwenyewe alinisisitizia hilo: iliyochakaa ndiyo anayoigeuza, nzima haigusi. Kwa hiyo kukosoa kupo. Ila kukosoa unamwambia fundi uso kwa uso, unamwambia ongeza tabaka, badilisha uzi. Kumpiga picha kwa siri ukawaonyesha watu elfu moja, huko si kukosoa.

Basi mimi nimejiwekea masharti, na nawaomba na nyinyi. Moja, sipigi picha kitu cha mtu bila kumuomba, na nikikataliwa naandika kwa maneno kama leo. Mbili, kabla sijacheka nauliza kilishonwaje na kwa nini. Tatu, na hili ndilo linalowauma wengi, nalipa. Tuna tabia ya kumpelekea fundi "kakazi kadogo", kumkalisha masaa mawili, halafu tunamwachia hela ya soda. Aliyebuni namna ya kushona neti juu ya karatasi za daftari si wa kulipwa soda.

Yule dada nilimfuata mwenyewe. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, hakunikaribisha ndani na sikumlaumu. Aliniambia kitu kimoja: "Wewe ulifuta ile picha, lakini mtaani hakuna pa kubonyeza kufuta." Nikakosa la kujibu. Ndiyo maana leo hakuna jina hata moja hapa. Kama unamjua, na Kasulu ni ndogo, najua wapo wanaomjua, tafadhali kesho ukikutana naye mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Na kama upo kwenye kile kikoba, mfuateni arudi.

Haya, zamu yenu. Nyumbani kwenu kuna kitu gani kilishonwa mkacheka, halafu baadaye mkakihitaji? Tiririkeni hapo chini, ila majina ya watu muwaachie wenyewe.